Aliyemaliza Dozi

Nimeacha uuguzi nikiwa na miaka ishirini na nane. Rafiki zangu wananitania kwamba nimestaafu, na neno hilo nimelipokea kwa sababu sijapata jingine linalotosha. Sikufukuzwa, maana sikuwa nimeajiriwa. Sikuacha kazi, maana kwenye karatasi haikuwa kazi, ilikuwa kujitolea. Ila kwa miaka mitatu na ushee nilivaa sare nyeupe kila asubuhi, nikapima presha za watu na kutoa vidonge dirishani katika zahanati moja ya pembezoni mwa Temeke. Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaomaliza chuo mwaka huu, mtakaosimama kwenye madirisha ya aina ile. Vyeo na mishahara nitaviruka, wala sitapata taabu kuviruka.

Siku ya kwanza nilifika na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki, na daftari. Daftari hilo nililitengeneza chuoni: kila dawa ya presha na ukurasa wake, jinsi inavyofanya kazi, madhara yake, nani asipewe. Nililipigia mistari kwa kalamu za rangi nne. Aliyenipokea alikuwa Sista Mwajuma, muuguzi wa cheti, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa ameendesha kliniki ya presha ya kila Alhamisi kwa miaka mingi kabla mimi sijajua kusoma.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Wewe ndo mwenye digrii?"

"Ndiyo."

"Haya. Digrii yako iweke pale kwenye benchi isubiri zamu. Wewe njoo huku unishikie mkanda."

Mkanda wa mashine ya kupimia ulikuwa umekwisha mng'ato. Ukiujaza upepo unafunguka wenyewe, kwa hiyo tuliuzungushia bendeji na mmoja wetu akaushikilia. Daftari langu halikuwa na ukurasa wa bendeji.

Asubuhi hiyohiyo aliingia mama mmoja anahema, mkoba mapajani, mguu juu ya mguu, anasimulia ugomvi wake na jirani juu ya maji ya choo. Nikampima huku anasimulia. Ikaja 172 kwa 104. Moyo wangu ukaenda mbio kuliko wake. Nikawa tayari nimefungua ukurasa wa dharura. Sista Mwajuma akauchukua mkoba, akauweka chini, akamwambia mama ashushe mguu, aegemee kiti, anyamaze. "Ugomvi utaukuta," alimwambia. Baada ya dakika kumi tukapima tena: 136 kwa 84.

"Umeona?" akaniambia yule mama alipotoka. "Ungeshampa vidonge vya maisha kwa sababu ya choo cha jirani."

Hiyo ndiyo hospitali niliyosomea kweli. Kwake nilijifunza kwamba mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo unadanganya, unaonyesha presha isiyokuwepo. Kwamba mkanda haufungwi juu ya baibui wala koti. Nilijifunza kwa nini wamama wa sokoni walikuwa hawamezi kile tulichokiita kidonge cha mkojo, kwa kuwa kinamkojoza mtu mara kwa mara. Si ukaidi. Kinamezwa asubuhi, na asubuhi ndipo wapo kwenye genge lisilo na choo. Mtu huyo ukimsomea umuhimu wa dawa unapoteza muda. Muulize anafungua genge saa ngapi, mkapange saa yake pamoja. Mwezi wa Ramadhani tulikaa na kila aliyefunga tukahamisha vidonge kwenye daku na futari, kabla hajavihamisha mwenyewe kwa akili zake.

Alikuwepo pia baba mmoja wa Kinyerezi aliyepimwa makohozi mara tatu akitafutwa kifua kikuu, kumbe kikohozi chake kikavu kililetwa na captopril, dawa ya presha tuliyompa wenyewe. Na alikuwepo kijana wa duka la dawa aliyewashauri watu watoboe nifedipine na kuidondosha chini ya ulimi ili presha ishuke haraka. Sista Mwajuma alimfuata dukani kwake kwa miguu. "Inashuka, ndiyo," alimwambia mbele ya wateja wake. "Na mtu naye anashuka nayo."

Mimi nilikuwa na tabia moja, na naisema kwa sababu inahusika na yatakayofuata. Nilifikiri kupita kiasi. Nikirudi nyumbani Tabata nilikaa kitandani na sare yangu nikipita wagonjwa wa siku hiyo mmoja mmoja. Yule dada niliyempa enalapril, isiyofaa kwa mimba, nilimuuliza kama anayo? Nilimuuliza. Lakini nilimuuliza kama anatarajia kushika mimba? Nilimpigia Sista Mwajuma simu kwa mambo ambayo angeweza kuyajibu kesho yake. "Eli, mwanangu," alikuwa ananiambia, "hivyo vidonge ni vidogo. Acha kuvikuza." Niliamini kwamba kwa kuwa naogopa kila kitu, hakuna kitakachonipita.

Mzee Kosmasi alikuja Alhamisi moja katika mwaka wangu wa tatu. Alikuwa mchongaji wa vinyago, mtu wa Newala, aliyehamia Dar ujanani na kufungua kibanda chake bondeni, jirani na zahanati yetu. Kucha zake zilikuwa na vumbi jeusi la mpingo lisilotoka kwa sabuni.

"Mie sijaja kuumwa," alisema kabla hajakaa. "Fidea ndo kanisumbua. Binti yangu. Ukimpima yeye utakuta presha kuliko yangu."

Nilimpumzisha. Nilimpima mikono yote miwili. 192 kwa 114. Nikasubiri, nikarudia, ikawa ileile. Tabibu akamwandikia atenolol na kile kidonge cha mkojo. Kabla ya kumpa nilihesabu mapigo ya moyo wake dakika nzima kwa saa yangu, nikamuuliza kama ana pumu, kama miguu inavimba, kama ana sukari. Nilimweleza kizunguzungu cha kusimama ghafla. Nilimweleza kuhusu chumvi. Nilimweleza jinsi moyo unavyopunguzwa kasi, jinsi figo zinavyotoa maji. Dakika ishirini, na foleni nyuma yake inaguna. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anavyomsikiliza mtoto wa mwenzake akisoma risala.

Akauliza swali moja tu. "Mkono hautatetemeka?"

"Hapana, baba. Hii haitetemeshi."

"Basi nipe. Mie mkono ndo kila kitu. Patasi ikiteleza upana wa unywele, sura ya mtu inageuka ya nyani."

Nikampa vidonge vya siku thelathini. Nikaandika 1x1 asubuhi kwenye kila kifuko. Vifuko vyetu vilikuwa na maneno yaliyochapwa chini kwa wino wa bluu: MALIZA DOZI. Nikayapigia mstari mara mbili, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Na uhakikishe unamaliza dozi, baba."

Neno hilo ndilo nimetoka nalo kazini, kwa hiyo nitalieleza. Kila dirisha la dawa nchini linaimba maliza dozi. Ni sahihi kwa malaria. Ni sahihi kwa mkojo mchafu, kwa kidonda, kwa homa ya matumbo. Watu wamefundishwa tangu utotoni kwamba mjinga ni yule anayeacha dawa katikati akipata nafuu, na muungwana anameza mpaka cha mwisho. Lakini dozi ina mwisho ndani yake. Ukiimaliza, umemaliza. Dawa ya presha haina mwisho, na katika dakika zangu ishirini za moyo na figo hilo moja sikulisema. Sikulisema kwa sababu kwangu lilikuwa wazi kama jua. Yote niliyoyaogopa niliyaeleza. Hilo sikuliogopa.

Hakurudi mwezi uliofuata. Niliona pengo kwenye kitabu, nikapiga namba iliyo kwenye kadi; haikupatikana. Nikapanga kwenda bondeni Jumamosi, Jumamosi ikawa na chanjo, nikapanga nyingine. Baada ya wiki kama kumi bajaji ilisimama mlangoni asubuhi, Fidea akashuka akiwa amemkumbatia baba yake kwa nyuma. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama nguo iliyotundikwa. 210 kwa 126. Tulimwandikia rufaa wakati huohuo, na katika kungoja gari Fidea akatoa vifuko viwili kwenye pochi, vimekunjwa vizuri, safi, vitupu.

"Sista, hakuruka hata siku moja," alisema. Hakuwa analia, alikuwa anatoa ushahidi. "Kila asubuhi anatuonyesha ulimi, eti tuhakikishe kameza. Siku ya mwisho kaviweka mezani kavipiga kofi. Kasema, mwambieni yule binti nimefaulu."

Nikavitazama. Mistari yangu miwili ilikuwa bado inasomeka.

"Hakuja kuchukua vingine?" niliuliza, na nilijua jibu nikiwa bado nauliza.

"Vingine vya nini? Si alimaliza?"

Siku mbili baadaye mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, aliniita na kitabu cha kliniki. Alikuwa mtu mpole, nami sitamsingizia ukali. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na kila mgonjwa aliyekosa mahudhurio alitakiwa awe na sababu.

"Huyu Kosmasi hana kitu hapa," alisema.

"Hakuelewa, mkuu. Nilimwambia amalize dozi, akadhani imeisha."

"Safu hii ina herufi tatu tu, Eliwaza. Amehama, amefariki, mtoro. Amehama?"

"Hapana."

"Amefariki?"

"Hapana."

"Sasa?"

Mjue kwamba wiki hiyohiyo kulikuwa na habari za nafasi za ajira, na barua za wanaojitolea zilikuwa zinapita mezani kwake kwa saini. Yeye hakulitaja hilo. Nililifikiria mwenyewe, kwa kasi ileile ninayofikiria nayo kila kitu. Nilifikiria mama yangu kule Same na wanaomuuliza kanisani kama binti amepata kazi. Nikachukua kalamu, nikaandika M. Nikaiandika kwenye kitabu na, kwa kuwa utaratibu unataka hivyo, nikaiandika pia kwenye kadi ya mgonjwa iliyobaki kwetu, pamoja na neno lote: mtoro. Fidea alikuja kuichukua kadi hiyo wakati mimi niko chanjo.

Nilimwambia Sista Mwajuma kila kitu. Aliacha kukunja bendeji.

"Mie sijawahi kumwambia mtu wa presha neno dozi," alisema. "Mie namwambia, baba, hivi ni ugali. Jana ulikula, leo unakula tena. Vikikaribia kwisha unakuja kusaga vingine."

"Mbona hukuniambia hivyo, sista?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza mambo ya figo." Akarudi kwenye bendeji yake. Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na mie nilikuona unaelewa sana, nikaacha kukusikiliza dirishani."

Mzee Kosmasi aliporudishwa kutoka hospitali nilikwenda bondeni kumwona. Nilikuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda chake. Tezo na patasi zilikuwa zimepangwa ukutani, zimepakwa mafuta ili zisipate kutu. Mkono wa kulia ulilala mapajani umefunikwa taulo. Wajukuu walikuwa wanacheza, na mmoja, wa miaka sita hivi, akapita anaimba: "Babu mtoro, babu mtoro, kapigwa na presha." Hakuna aliyemkemea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu." Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini ulisikika. "Umekuja kwa mtoro."

Fidea alitoka ndani na beseni. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, nami nilimwamkia pia. "Bora umekuja," alisema. "Muulize mwenyewe kwa nini alitoroka. Mie ananificha. Anatuonyesha ulimi kila siku, kumbe kliniki wanamtafuta. Kadi imeandikwa. Nimempa mtoto akanisomea mara mbili."

"Nisamehe, binti yangu," Mzee Kosmasi akaniambia. "Niliona vimeisha, nikajua nimepona. Ningejua vinaendelea ningekuja. Sijui nilisikia vibaya wapi."

Aliniomba msamaha. Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njia nzima, ya kupoza, ya tuangalie mbele. Yote yalitoka kichwani.

"Hukusikia vibaya, baba. Nilikwambia umalize dozi. Sikukwambia kwamba dawa hizi hazina mwisho. Halafu nikakuandika mtoro."

Beseni lilikuwa bado mikononi mwa Fidea. Aliliweka chini polepole.

"Kwa hiyo siku zote hizi namsema mzee wangu bure."

"Ndiyo, dada."

"Watoto wanamwimba."

"Ndiyo."

"Na ulijua siku ile nilipokuonyesha vile vifuko."

"Nilijua."

Nilingoja matusi, hata nikayatamani. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule na kalamu. "Hayo uliyoyasema yaandike hapo. Na jina lako. Mie sitaki maneno ya mdomo, ya mdomo ndo yametufikisha hapa."

Nikaandika nikiwa nimechuchumaa, daftari gotini. Mzee Kosmasi alinitazama mpaka nikamaliza. "Siku ile ulisema mengi sana," alisema. "Mie nilishika la mwisho."

Fidea aliipeleka karatasi zahanati mwenyewe. Mganga mfawidhi aliniita, akaniomba nikae, akaifunga karatasi ndani ya faili. Alisema hakuna aliyenilaumu kwa mgonjwa. Watu wanapata kiharusi hata wakimeza dawa. "Ila ungeniuliza kabla ya kuandika na kusaini," alisema. Kisha akaniambia kwamba wanaojitolea wanapunguzwa kuanzia mwisho wa mwezi. Tulikuwa wawili. Mwenzangu bado yupo.

Nikamwomba ruhusa ya kusahihisha kitabu. Akasema niandike ninachotaka, taarifa ya robo mwaka ilishatumwa. Chuoni walitufundisha kwamba kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, na pembeni unasaini. Nikaikata ile M. Safu ilikuwa nyembamba, nikatumia ukingo wa karatasi: mgonjwa alifuata maelekezo aliyopewa, maelekezo yalikuwa na kosa. Nikasaini. Kwa kadiri ninavyojua hakuna aliyeufungua ukurasa huo tena.

Vifuko vya bluu bado vipo, maboksi na maboksi stoo. Sista Mwajuma siku za Alhamisi anakaa kabla ya kliniki na kalamu nyeusi anafuta yale maneno kifuko kimoja kimoja, na wanaofanya kazi naye wanasema mama amezeeka.

Nyie mnaoanza, madaftari yenu yawe na rangi mnazotaka. Mimi sina ushauri mwingi, na ule mliotegemea kwa mtu aliyetoka kazini sinao. Mkimpa mtu dawa ya presha, msimuulize kama ameelewa. Kila mtu atasema ameelewa, tumelelewa hivyo. Muulizeni: vikiisha utafanya nini? Halafu nyamazeni mpaka ajibu. Inachukua muda mfupi kuliko figo.

Nilirudi bondeni mara moja, sare nimeshairudisha. Nilitaka wajue kwamba kitabu kimesahihishwa, kwamba neno mtoro limekatwa, na kwenye kadi nikalikata mbele yao na kusaini vilevile. Nilimweleza Fidea hatua kwa hatua, ukurasa, mstari, saini. Alinisikiliza huku anamkata baba yake kucha.

"Sawa," alisema. "Na mkono?"

Mzee Kosmasi akaniuliza kama nimekuja na mashine. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, yangu mwenyewe. Nikamwegemeza kitini, nikangoja dakika zake tano bila kusema neno, nikamfunga mkanda mkono wa kushoto, kwa sababu uliopooza haupimwi.